Muulize Mwalimu wa Jiografia: "Bibi Hataki Mjukuu Wake Aende Salem"

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kwanza amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu cha Salem, Marekani. Nyumba nzima tulishangilia, mpaka bibi yake mzaa baba aliposikia jina la mji. Jirani kamwambia kuwa Salem ni mji wa wachawi na kwamba watu walinyongwa huko kwa uchawi. Sasa bibi amenuna, anasema mjukuu wake haendi. Naomba unieleze mji huo uko wapi hasa, ulianzaje, na hayo ya uchawi yana ukweli gani, nimsomee bibi jioni.
*Mama wa mwanafunzi, Tanga*

Jibu

Marahaba mama, na umfikishie bibi heshima zangu. Kuuliza kuhusu mahali anakopelekwa mjukuu ni haki yake. Msomee taratibu, kwa sababu nataka aujue mji kwanza kabla hajausikia uchawi.

Salem iko katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Kutoka Boston ni kilomita 25 hivi kuelekea kaskazini-mashariki, na treni huchukua kama nusu saa. Karibu na mwisho wa safari treni huingia kwenye handaki chini ya mji, kisha hutokeza kando ya maji, na hapo ndipo stesheni. Ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 44,480, kwa hiyo Tanga yenu ni kubwa kuliko Salem mara kadhaa.

Mji wa kale umekaa juu ya kipande cha ardhi kilichochomoza baharini, maji yameuzunguka pande tatu. Upande wa kaskazini kuna North River, na upande wa kusini kuna South River. Kwenye ramani zimeandikwa kuwa mito, lakini mtu wa Tanga akisimama pale maji yakipwa ataziita hori: ni maji ya chumvi yanayoingia na kutoka, yakiacha tope na harufu ileile tunayoijua. Hakuna mto mkubwa unaoshuka kutoka bara. Mipaka ya mji ina kilomita za mraba kama 47, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni bahari. Mbele ya bandari kuna visiwa, vingine kama Baker's Island vikiwa ndani ya mipaka ya mji. Ng'ambo ya kaskazini kuna Beverly, kusini-mashariki Marblehead, magharibi Peabody. Nimefundisha jiografia ujana wangu wote Unguja kabla sijaja kuishi huku Massachusetts kwa binti yangu, na sijaona mji ambao maji yake yanaeleza maisha yake waziwazi kama huu.

Wenyewe wa asili walipaita Naumkeag, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa mahali pa kuvulia samaki. Walilima mahindi, walivua, walihama kwa majira kati ya pwani na bara. Kati ya mwaka 1616 na 1619, maradhi yaliyoletwa na vyombo vya Wazungu yaliteketeza vijiji vya pwani hiyo. Ndui ya mwaka 1633 ikaja kuchukua wengi kati ya waliobaki. Kwa hiyo Waingereza walipofika hawakukuta msitu mtupu kama vitabu vingine vinavyosema. Walikuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa na watu waliokwisha kuzikana. Hati ya mauzo ya ardhi ya Salem ilitiwa saini na warithi wa chifu Wenepoykin mwaka 1686, kwa pauni 20, miaka 60 baada ya mji kuanza. Mimi siwezi kuiita hiyo biashara.

Mwingereza aliyeanzisha makazi hapo ni Roger Conant, mwaka 1626. Kabla ya hapo kampuni moja ya Uingereza, Dorchester Company, ilikuwa imeweka kituo cha uvuvi Cape Ann, mbele kidogo kaskazini-mashariki. Cape Ann ni mwamba na upepo, ardhi yake haikulimika vizuri, na kituo kikafa. Wengi walirudi kwao. Conant na kikundi kidogo wakafuata pwani hadi Naumkeag, kwa sababu palikuwa na bandari iliyokingwa na udongo unaokubali jembe. Mwaka 1628 akaja John Endecott na watu wengine na hati mpya ya umiliki, akawa mkubwa wao. Waliotangulia na waliokuja walivutana, wakapatana, na mwaka 1629 mahali pakapewa jina la Salem. Ni jina la Biblia, Salemu ya mfalme Melkizedeki, na maana yake ni amani. Bibi akilisikia hilo atatulia kidogo, naamini.

Sasa uchawi. Mwaka 1692 Salem ilikuwa eneo pana lenye sehemu mbili. Kulikuwa na mji wa bandarini, na kulikuwa na kijiji cha wakulima huko bara, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, kilichoitwa Salem Village. Wakulima walitaka kujitenga, wawe na kanisa lao na kodi zao. Mji ulikataa kuwaachilia kabisa, kwa sababu ulihitaji kodi na chakula chao. Ndani ya kijiji chenyewe, koo zilikuwa zinagombania mipaka ya mashamba, na waumini waligombana kuhusu mshahara na kuni za mchungaji wao, Samuel Parris. Juu ya hayo kulikuwa na vita na wenyeji wa asili upande wa kaskazini, na wakimbizi wa vita hivyo walijaa wilayani. Katika nyumba ya mchungaji huyo, Januari 1692, wasichana wawili walianza kushikwa na mitukutiko. Wakaulizwa nani anawaroga, wakataja majina. Mmoja wa wa kwanza kutajwa alikuwa Tituba, mwanamke mtumwa wa nyumbani humo.

Waliotuhumiwa walizidi 150. Watu 19 walinyongwa. Mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka, na wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mchawi. Mama, hapo uisome mara mbili. Salem ni mji ambao watu wasio na hatia waliuawa kwa maneno ya majirani. Sisi tulio na habari za vikongwe kuuawa katika baadhi ya mikoa yetu kwa sababu ya macho mekundu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Oktoba mwaka huohuo gavana aliivunja mahakama ile, na mwaka 1711 serikali ya koloni ikawalipa fidia jamaa za wengi waliohukumiwa. Jina la mwisho, Elizabeth Johnson, lilisafishwa na bunge la Massachusetts mwaka 2022, baada ya mwalimu na wanafunzi wake wa darasa la nane katika mji wa North Andover kulishughulikia kama somo la uraia. Habari hiyo niliikata gazetini nikaihifadhi.

Na kijiji chenyewe kilichoanza balaa hakimo tena ndani ya Salem. Kilijitenga katikati ya miaka ya 1750, na leo ni mji mwingine unaoitwa Danvers. Mahakama ilikaa mjini, kunyonga kulifanyika mjini, kwa hiyo jina limebaki Salem.

Kuhusu chuo: kilianza mwaka 1854 kama chuo cha kufundishia walimu wa kike. Mwaka 1856 alihitimu hapo Charlotte Forten, msichana mweusi kutoka Philadelphia, wa kwanza wa asili ya Afrika kuhitimu chuoni humo, ambaye baadaye alikwenda kusini kuwafundisha watu waliotoka utumwani wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Mjukuu anakwenda kusomea ualimu mahali palipoanzishwa kwa kazi hiyohiyo. Afungashe nguo nzito tu. Januari na Februari ni baridi kali, na upepo wa kaskazini-mashariki huleta theluji ya kufunika magari.

Swali

Mwalimu, Salem unayoitaja ndiyo makao makuu ya jimbo la Oregon? Rafiki yangu anabisha.
*Msomaji, Dodoma*

Jibu

Siyo. Salem ya Oregon ni nyingine, iko upande wa pili wa nchi, bara, kando ya mto Willamette, na imeanza na wamisionari wa Kimethodisti miaka ya 1840. Ina watu wengi zaidi, 175,535 kwa sensa ya 2020. Iko Salem nyingine India, Tamil Nadu, ambayo haina undugu wowote na hizi. Hapa ninaizungumza ya Massachusetts tu.

Swali

Hujambo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mji Mkongwe, natembeza wageni. Wazee wetu husema merikani, ile nguo nyeupe nzito, ilikuja kwa merikebu za Salem. Wageni wa Kimarekani nikiwaambia hushangaa, wanasema Salem ni mji wa mapaka meusi na kofia za wachawi. Nataka maelezo ya uhakika niwape. Imekuwaje mji mdogo vile ukafika mpaka kwetu?
*Mtembeza wageni, Unguja*

Jibu

Sijambo, mwanangu. Wazee wamekwambia kweli, na umenigusa mahali ninapopapenda, kwa hiyo nivumilie.

Anza na udongo. Nyuma ya Salem hakuna bonde kubwa la kilimo. Ardhi ni ya mawe, majira ya kulima ni mafupi, na mto wa kuleta mali kutoka bara haupo. Mtu wa Salem akitaka utajiri alikuwa na mlango mmoja: baharini. Alianza na chewa wa maji ya baridi, ambaye alikaushwa kwa chumvi ufukweni, Winter Island ikiwa mojawapo ya sehemu za kuanikia. Samaki mzuri aliuzwa Hispania na Ureno. Samaki hafifu alipelekwa visiwa vya Karibi kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa, na chombo kikarudi na sukari, molasi na ramu. Mwaka 1638 merikebu ya Salem iliyoitwa Desire, chini ya nahodha William Pierce, ilirudi kutoka huko na pamba, tumbaku na Waafrika. Hao ndio watumwa wa kwanza wa Kiafrika walioandikwa kuletwa Massachusetts. Usilifiche hilo kwa wageni wako.

Marekani ilipopata uhuru, Waingereza waliwafungia Wamarekani masoko ya Karibi. Mabaharia wa Salem wakalazimika kwenda mbali zaidi. Elias Hasket Derby, mwenye merikebu wa Salem, alituma vyombo mpaka China. Nahodha Jonathan Carnes alirudi kutoka Sumatra mwaka 1797 akiwa amejaza pilipili manga, na faida yake ikawatia wazimu wenye merikebu wote wa mji. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, iliikuta Salem ikiwa na watu 7,921, miongoni mwa miji kumi mikubwa nchini. Mwaka 1799 manahodha wakaunda chama chao, East India Marine Society, na sharti la kuingia lilikuwa uwe umepita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kila mmoja alitakiwa kuleta kitu alichookota safarini. Vitu hivyo ndivyo vilivyozaa jumba la makumbusho kubwa lililopo mjini mpaka leo, Peabody Essex Museum.

Kwetu walianza kuja kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts alitia saini mkataba na Sayyid Said bin Sultan kwa niaba ya Marekani: Wamarekani waruhusiwe kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, vyombo 41 vya nchi za kigeni vilihesabiwa Unguja, na 32 kati ya hivyo vilikuwa vya Marekani, vingi vyao vya Salem. Mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, naye mtu wa Salem. Uingereza ilikuwa bado haijaweka balozi wake. Waters alifanya ubalozi na biashara kwa pamoja, akishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sultani. Hao wawili wakikubaliana, wafanyabiashara wengine hawakuwa na nafasi kubwa, na walilalamika sana.

Walichukua nini? Pembe za ndovu, ngozi, karafuu, na sandarusi. Hii sandarusi watu wameisahau, na mimi naiona kuwa ndiyo fundo lililofunga miji hii miwili. Ni utomvu wa miti ya zamani uliogeuka mgumu ardhini, ukichimbwa Mrima na watu wa vijiji, ukaletwa Unguja umejaa mchanga na gamba. Salem walikuwa na kazi ya kuisafisha: Jonathan Whipple alifungua kiwanda ufukweni, watu wakawa wanaiosha, kuikwangua na kuipanga kwa madaraja. Ikisafishwa iliyeyushwa kuwa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani. John Bertram, baharia aliyezaliwa kisiwa cha Jersey na kuhamia Salem mtoto, alitajirika kwa biashara hii ya Unguja. Alipokufa mwaka 1882 alikuwa amekwisha kuanzisha hospitali ya mji, na nyumba yake ya matofali katika mtaa wa Essex warithi wake waliitoa iwe maktaba ya umma. Bado ni maktaba. Ukiingia kuazima kitabu humo, unakanyaga sakafu iliyolipwa kwa sandarusi ya Mrima.

Walileta nini? Bunduki, baruti, fedha taslimu, na juu ya vyote nguo. Nguo ya pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha, nzito, inayostahimili kufuliwa. Bei yake ilikuwa nafuu na watu wa bara waliipenda kuliko zote. Misafara iliibeba hadi Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na ilikuwa fedha: kwa mikono ya merikani ulilipa wapagazi, hongo ya mtemi na chakula cha njiani. Mwanzoni nguo hii ilitoka viwanda vingine vya Massachusetts. Baadaye Salem ikafuma yake. Hapa jiografia inarudi. Mji kama Lowell, ninakoishi mimi, ulijengwa penye maporomoko ya mto Merrimack, na maji ndiyo yaliyozungusha mitambo. Salem haikuwa na maporomoko. Kwa hiyo wakajenga kiwanda cha mvuke, Naumkeag Steam Cotton Company, kilichoanza kazi mwaka 1847, na makaa ya mawe yakaletwa kwa merikebu mpaka mlangoni. Walichokosa kwa mto walikipata kwa bahari. Sehemu ya nguo hiyo ikashuka Forodhani kwenu.

Na pamba? Ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Sarah Parker Remond, mwanamke mweusi aliyezaliwa Salem mwaka 1826, alikwenda Uingereza kupigana na utumwa kwa maneno, na mwaka 1859 aliwaambia watu wa Manchester wazi kwamba pamba inayowapa kazi inatoka mikononi mwa watu wasiolipwa. Ukizikusanya habari hizi unaona mzunguko mzima: mtumwa wa Georgia alilima, msichana wa Salem akafuma, mpagazi wa Kinyamwezi akabeba, na pembe ikarudi kuwa vitufe vya piano huko Connecticut.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na bei ya merikani ikapanda hata watu wetu wakageukia nguo za Uingereza na Bombay. Merikebu za Salem zilipungua. Mwaka 1870 biashara ya Unguja kwa bandari ya Salem ilikuwa imefikia mwisho, na kampuni zilizobaki zilitumia New York na Boston.

Waambie wageni hayo. Mwaka 1839, miaka mitatu baada ya Salem kupewa hadhi ya jiji, baraza lake lilipitisha nembo yenye mtu wa Aceh, huko Sumatra kwenye pilipili, katika mavazi ya kwao, minazi, na merikebu iliyotweka matanga, na maneno ya Kilatini yanayosema: mpaka bandari ya mwisho ya Mashariki yenye utajiri. Mchawi hayumo.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nesi, Mkenya, tuko pamoja hapa Lowell. Kama Salem ilitangulia Boston, kwa nini Boston ndiyo ikawa jiji kubwa?
*Nesi wa zamu ya usiku, Lowell*

Jibu

Marahaba binti yangu, na pole na zamu.

Jibu fupi ni kina cha maji. John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, alifika Salem Juni 1630 na kundi kubwa la wahamiaji. Walipaangalia, hawakuridhika, wakasogea kusini hadi Charlestown na hatimaye Boston. Boston ina ghuba pana yenye kina na visiwa vya kuikinga, na mito ya Charles na Mystic inaingia ndani ya nchi. Salem ina bandari nzuri lakini ya maji haba. Merikebu za miaka ya 1790 zilikuwa ndogo, ziliweza kuingia. Kadiri zilivyokua, ndivyo zilivyoshindwa. Ndiyo maana Derby Wharf, gati waliloanza kulijenga miaka ya 1760, walilirefusha mpaka likakaribia nusu maili: walikuwa wanayafuata maji.

Kisha siasa. Desemba 1807 Rais Jefferson alipiga marufuku vyombo vya Marekani kwenda nchi za nje. Kwa mji wenye mashamba nyuma yake hiyo ni hasara. Kwa Salem ilikuwa ni kufungwa pumzi. Merikebu zilioza gatini zaidi ya mwaka. Vita vya 1812 vikamalizia. Reli ilipofika kutoka Boston mwaka 1838, mali ilikuta ni rahisi zaidi kushukia Boston kwenyewe.

Baada ya hapo mji uliacha bahari ukashika viwanda, hasa ngozi kando ya North River, na maji yake yakanuka kwa vizazi. Sehemu kubwa ya South River ilifukiwa ili kupata ardhi ya reli na majengo. Mtu anayetembea katikati ya mji leo anakanyaga mahali palipokuwa na ngalawa. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulizuka katika kiwanda cha ngozi hapohapo Salem, mtaa uitwao Boston Street, ukala majengo 1,376, pamoja na kile kiwanda cha nguo cha Naumkeag. Kilijengwa upya, kikaendelea hadi 1953, kisha kazi ikahamishiwa Carolina Kusini. Mtaa uliokizunguka, The Point, zamani ulikuwa wa Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Sasa una Wadominika wengi, na michoro mikubwa ya rangi imejaa kutani. Napenda kula huko.

Swali

Mwalimu, nina watoto wawili na siku moja tu ya mapumziko. Niwapeleke Salem? Waone nini?
*Baba wa mapacha, Boston*

Jibu

Wapeleke, lakini isiwe Oktoba. Mwezi huo watu wanamiminika kwa ajili ya Halloween hata kutembea barabarani hakuwezekani, na watoto watarudi wakijua kofia za plastiki tu.

Pandeni treni ya asubuhi. Kwanza angalia ratiba ya maji. Nendeni Derby Wharf maji yakiwa yamepwa, muwaonyeshe watoto tope na muwaambie: hapa ndipo utajiri ulipokwama. Tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 2.7, inaonekana vizuri. Mkabala na gati lipo jengo la forodha la mwaka 1819, na tai wa dhahabu juu ya paa. Mapacha wako wangeweza kukaa pale saa nzima wakihesabu hatua mpaka kwenye mnara mdogo wa taa.

Kutoka hapo ingieni Peabody Essex Museum. Ulizeni mhudumu kama picha ya Ahmad bin Na'aman iko ukumbini siku hiyo. Huyu ndiye aliyetumwa na Sayyid Said mwaka 1840 na merikebu Sultanah, akatia nanga New York, akiwa mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Alichorwa na Edward Mooney akiwa na kilemba na jambia, na picha hiyo imehifadhiwa Salem. Watoto wetu wamwone mtu aliyetoka Unguja akatazamwa kwa heshima.

Mchana mwende Salem Willows, mwisho wa ardhi, mbugani penye miti iliyopandwa mwaka 1801 ili wagonjwa wa hospitali ya ndui wapate kivuli cha kutembelea. Kuna popkoni, michezo ya watoto, na upepo wa baharini.

Kama watoto wametimiza miaka kumi au zaidi, malizieni Proctor's Ledge, nje kidogo ya katikati ya mji. Ni jabali dogo nyuma ya nyumba za watu, na ndipo watafiti walipothibitisha mwaka 2016 kuwa wale 19 walinyongwa. Ukuta wa kumbukumbu ulizinduliwa Julai 2017, umeandikwa majina yao yote na tarehe. Ni mtaa wa makazi, kwa hiyo msipige kelele, na gari msiliegeshe mbele ya mlango wa mtu. Kutoka hapo mpaka stesheni ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu.